Doña Crescencia na Nyasi za Uwanja wa San Onofre

Siku hizi mtu akiingia uwanja wa San Onofre hupita lango la chuma, huziona taa ndefu na ubao wa matokeo, akadhani kampuni ya mgodi ndiyo iliyotujengea. Kampuni haikujenga hata choo. Ilichotoa ni kiwanja cha marudio, ule mchanga wa kijivu unaobaki mawe yakishasagwa na madini ya fedha yakishatolewa, mahali ambapo hata mbuzi hakutia mguu. Wakubwa wake walipigwa picha wakitoa, wakaondoka. Mengine yote ni mikono ya watu, na nyasi ni za Doña Crescencia Olguín.

Crescencia hakuzaliwa milimani huku. Alitoka bondeni, kwenye joto na miiba, akaletwa kwenye ukungu wetu na Nabor Escorza, mchimbaji aliyekuwa pia golikipa wa timu yetu, Barreteros. Timu ilishuka bondeni kucheza mechi ya kirafiki ikafungwa mabao mengi, na wote walirudi wamenuna isipokuwa Nabor, aliyerudi na mchumba. Watu wa San Onofre walimpokea kama wanavyompokea mgeni yeyote. Walimpa paste ya moto mkononi, ile sambusa yetu kubwa ya nyama na viazi, na jina la utani mgongoni. Wakamwita Mla Siafu, kwa kuwa kwao bondeni mayai ya siafu ni chakula cha sikukuu.

"Mla Siafu, leo umepika nini?" jirani yake Hermila alikuwa akimpigia kelele juu ya ua.

"Nimepika ulimi wa jirani. Lakini mrefu mno, haujaiva bado."

Hermila alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kuazimana chumvi na kusemana.

Wakati ule Barreteros walichezea ua wa zamani wa kusagia mawe, uliotandikwa mawe ya mtoni. Aliyeanguka aliacha ngozi yake pale. Golikipa ndiye anayeanguka kuliko wote, kwa hiyo Jumapili jioni Crescencia alikuwa akimkanda mumewe viwiko kwa majani ya nopali, ule mpungate wa kwetu wenye miiba, yaliyochomwa, yeye akiguna, mkewe akimwambia, "Ungedaka kwa akili usingedaka kwa viwiko." Mambo yakaenda hivyo miaka kadhaa, hadi ligi ya mkoa ilipotoa amri: timu isiyo na uwanja wa nyasi, wenye ua na mahali pa kukalia watu, itatolewa. Ndipo kampuni ikatupa yale marudio, na mji ukaitisha faena.

Faena ni msaragambo. Jumapili baada ya misa kila nyumba hutoa mwanamume mmoja, na nyumba iliyotoa ndiyo nyumba. Isiyotoa, hata iwe na bati jipya na redio, haihesabiwi. Safari hii ilikubaliwa kwamba kila nyumba ijenge kipande chake cha ngazi za mawe kuzunguka uwanja, na kipande hicho kiwe chake, wakalie wao na wajukuu wao. Nabor alifurahi kama mtoto. Alisema atazeeka, ataacha kudaka, naye atakaa kwenye ngazi yake amtukane kila golikipa atakayekuja baada yake. Lakini vumbi la mgodi lilikuwa limeshamkaa kifuani. Msimu wa mvua ulipoanza alikuwa hawezi kupanda kilima bila kusimama, na kabla haujaisha tukamzika. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Ngazi ilikuwa haijawekwa jiwe hata moja.

Crescencia alilia alivyolia. Kisha Jumapili moja akachukua sepetu ya Nabor, akaenda uwanjani.

Mzee wa msaragambo alikuwa Don Tranquilino Islas, msimamizi wa zamu mgodini, mwenye masharubu mazito na sauti iliyozoea kuita watu kutoka chini ya ardhi. Alipomwona mama yule na sepetu yake, alivua kofia kwa heshima.

"Doña Crescencia, rudi nyumbani ukapumzike. Wewe umesamehewa."

"Nimekosa nini hata nisamehewe?"

Wanaume waliokuwa karibu wakajifanya wanakohoa.

"Si kosa, mama. Sheria inataka mwanamume, na kwako hayupo tena. Hakuna atakayekulaumu."

"Nani amesema naogopa lawama? Nataka ngazi."

"Ngazi ni ya nyumba iliyotoa kazi."

"Basi nipe kazi nitoe."

"Kazi ni ya mwanamume! Mbona hunielewi?"

"Nakuelewa sana, Don Tranquilino. Unazunguka palepale kama punda wa kinu."

Walicheka, lakini alirudi nyumbani vilevile, sepetu begani. Kusamehewa huko ndiko kulikomchoma kuliko matusi yote. Mtu aliyesamehewa haulizwi kitu, hatukanwi kwa kuchelewa, hakuna anayemgombeza kwamba jiwe lake limekaa upande. Alimwambia Hermila kwamba ikiwa nyumba ya Nabor haitakuwa na mahali pale, basi itakuwa kama Nabor hajawahi kuishi mjini humu, na yeye mwenyewe hajawahi kuja.

Kilichomwokoa kwanza ni udongo. Marudio hayaoti kitu, kila mtu anajua, kwa hiyo ilibidi yafunikwe udongo mzuri, na udongo mzuri haukuwepo isipokuwa nyuma ya nyumba za watu. Kila nyumba ikaambiwa ilete wake. Kazi ilikuwa kubwa hata wazee na watoto wakabeba. Crescencia akamfuata Don Tranquilino mbele ya kanisa, Hermila na akina mama wengine wakiwa nyuma yake.

"Udongo nao unavaa suruali?" akamuuliza.

Don Tranquilino akawatazama akina mama, akatazama lango la kanisa kama anayetafuta padri wa kumsaidia.

"Haya, lete," akasema. "Ukileta sawa na nyumba yenye mwanamume, utapata kona ya ngazi. Lakini usije ukaniambia mgongo unauma."

"Mgongo ni wangu. Utauma kwa siri."

Wengine walibeba kwa punda na matoroli. Yeye alibeba kwa ayate, kile kitambaa cha nyuzi za katani, mkanda ukimkaza kwenye paji la uso, akipanda kutoka ua wake ulio chini karibu na kijito. Alimwaga mizigo yake yote kwenye goli la kaskazini, mahali anaposimama golikipa, kwa kuwa alitaka pale pawe laini. Ilipofika zamu ya mawe, Chon, mume wa Hermila, alimwonyesha namna ya kulaza jiwe, akampa kona iliyosalia. Crescencia akajenga ngazi yake mwenyewe, imepinda kidogo, lakini imara.

Mvua zikaja, na hapo ndipo tulipojionea. Watu walikuwa wameleta udongo wa mashambani kwao bila kufikiri kwamba udongo wa shamba hauji peke yake. Uwanja mzima ukaota! Katikati yakachomoza mahindi, maharagwe yakatambaa kwenye mstari wa pembeni, na mbele ya goli la kusini likaota boga lenye majani mapana kama sinia. Akina mama wakashuka na vikapu kuchuma mboga, na wachezaji wakasema mwaka huu tusipochukua kombe tutachukua mavuno. Don Tranquilino alikasirika, lakini hata yeye alikula maharagwe yale. Jumapili mbili tatu za msaragambo zikatosha kung'oa kila kitu. Kisha klabu ikanunua mbegu ya nyasi kutoka mji mkuu, nyasi za kisasa, zikatoka laini kama nywele za mtoto mchanga, tukawa tunazipita kwa mbali tukinong'ona.

Muda si mrefu kwenye goli la kaskazini kikatokea kitu kingine. Kilikuwa kigumu, kinene, kinatambaa juu na chini ya udongo kwa wakati mmoja. Don Tranquilino alipiga goti, akavuta, kamba ya mzizi ikaja na udongo wake.

"Kikuyo!" akanguruma. "Nani ameleta kikuyo uwanjani?"

Hakuna mkulima wa huku asiyekijua kikuyo. Jina lake hatukujua limetoka wapi. Babu mmoja alishikilia kwamba ni jina la Mhispania mgomvi. Kikiingia kwenye shamba la mahindi, hakitoki. Ukikikata kinaongezeka, ukikizika kinafufuka. Watu wote wakamgeukia Crescencia, kwa sababu ua wake wa kijitoni ulijaa kikuyo, chakula cha ng'ombe wake Paloma.

"Ni wewe, Mla Siafu," mtu akasema nyuma.

Hermila ndiye aliyepasuka.

"Na huyo Paloma anakipata wapi? Si nyinyi mnaoking'oa mashambani kwenu na kumtupia juu ya ua? Wewe Tranquilino, wiki iliyopita tu ulitupa rundo zima, nimekuona na macho yangu!"

"Nilimtupia ng'ombe! Sikusema kiletwe huku!"

"Ng'ombe hakukileta. Tumekileta sote."

Lakini Don Tranquilino alikuwa amesimama mbele za watu, na mtu aliyesimama mbele za watu hurudi nyuma kwa shida. Akasema mtu wa ligi atakuja kukagua mvua zijazo. Udongo ulikuwa wa Crescencia, basi kikuyo ni chake akitoe. Likibaki hata jani moja, kona ile atapewa mwingine na nyumba yake itahesabiwa miongoni mwa zilizosamehewa.

Ndivyo alivyoanza. Kila siku, Paloma akishakamuliwa, Crescencia alipanda uwanjani na kisu kifupi, akapiga magoti golini na kung'oa. Alipomaliza upande mmoja, mwingine ulikuwa umeota. Mikono yake ilipasuka. Hermila alikuja kumsaidia mara kwa mara, akimtukana Tranquilino kwa kila mzizi. Chon naye alikuja, akasema amekuja kutazama ngazi yake tu, kisha akakutwa amepiga magoti na kisu. Akina mama wengine wakawa wanapita na uji wa mahindi kwenye birika, wanakaa kidogo, wananyofoa kidogo. Hata baadhi ya waliomwita Mla Siafu walikuja. Crescencia alisema baadaye kwamba kama si kikuyo, asingejua majina ya nusu ya wanawake wa mji ule, na kwamba jambo hilo peke yake lilitosha kumfanya ashukuru.

Kisha kiangazi cha baridi kikafika, na upepo ule ukaushao midomo. Udongo wetu juu ya marudio ulikuwa mwembamba kuliko tulivyojidanganya. Nyasi za mji mkuu zikaanza kugeuka manjano katikati ya uwanja, kisha pembeni, kisha kote. Baada ya barafu ya asubuhi mbili hivi zilikuwa zimelala kama zimechomwa moto. Watu walimwaga maji kwa ndoo, klabu ikaita fundi wa bustani, na mzee mmoja akataka padri abariki upya. Hakuna kilichosaidia. Marudio yakaanza kuonekana, kijivu, kana kwamba yalikuwa yakitungoja.

Crescencia aliyaona, lakini hakuacha kung'oa. Ahadi ilikuwa kikuyo kitoke, na yeye alitaka ngazi. Kwa hiyo asubuhi moja, uwanja mzima umekufa, alikuwa peke yake golini amejifunga shali, anang'oa kitu pekee cha kijani kilichobaki San Onofre. Ncha za majani zilikuwa zimeungua kwa barafu, ila chini yake shina linatambaa kama halina habari na yaliyotokea.

Akasikia viatu juu ya mchanga. Don Tranquilino alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Doña Crescencia, acha."

Crescencia akang'oa kwa haraka zaidi. Akadhani amekuja kumpokonya kona.

"Bado kidogo tu, Don Tranquilino. Huku kushoto nimemaliza, na huku..."

"Nimesema acha, mama. Using'oe tena."

"Uliniambia hata jani moja! Mbele za watu! Sasa unataka kusema nimechelewa?"

Mzee akatazama huku na huku, uwanja wa kijivu pande zote, kisha kile kipande cha kijani chini ya magoti ya mama yule. Masharubu yake yakacheza.

"Kwako kijitoni... vipo vingi?"

"Vipo nini?"

"Hivyo."

"Hivyo nini? Sema, mzee, masikio yangu yana baridi."

"Kikuyo! Naomba kikuyo, mwanamke wa Mungu! Unataka nipige magoti?"

"Hapana, usipige," Crescencia akasema. "Utakiponda."

Alikaa palepale kwenye udongo akacheka, na alipokuwa anacheka machozi yakamtoka, na Don Tranquilino, asijue la kufanya, akampa kofia yake ajifutie.

Jumapili iliyofuata msaragambo wote ulishuka kijitoni. Kila nyumba ilikata vipande vya shina kwenye ua wa Crescencia, ikavipandisha mlimani kwenye magunia na kuvifukia kwa mistari, umbali wa unyayo. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni akiwagawia kahawa ya mdalasini na kuwagombeza waliokata ovyo. Jioni ua wake ulibaki mweupe kama kichwa kilichonyolewa, na Paloma alisimama katikati akilia kwa njaa. Hilo Crescencia hakulifikiria. Asubuhi yake alipofungua mlango alikuta mabua ya mahindi yameegemezwa ukutani. Siku ya pili yakaja majani ya shayiri. Nani alileta hakuna aliyesema, ila mara moja alimwona Don Tranquilino akikimbia kuteremka njiani, mzee mzima, na gunia tupu chini ya kwapa. Paloma alinenepa mwaka ule kuliko miaka yote.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kikuyo kilishikana mkono kutoka goli hadi goli. Mtu wa ligi alipokuja alitembea katikati, akakanyaga kwa kisigino, akaruka mara moja, akaridhika.

"Nyasi nene sana hizi. Mmeziagiza wapi?"

"Kwa Doña Crescencia," Don Tranquilino akajibu, kama mtu anayetaja duka kubwa la mji mkuu.

Mechi ya ufunguzi ilichezwa dhidi ya timu ya mgodi wa ng'ambo ya mlima. Kila nyumba ilikaa kwenye ngazi yake na paste zake na chupa zake, bendi ya wachimbaji ikapiga hadi mpiga tarumbeta akakosa pumzi. Crescencia alikuwa amevaa shali yake nzuri. Alikalia kona yake, akagusa mawe kwa kiganja huku na huku, akamwambia Nabor moyoni kwamba wamefika. Wageni walilalamika tangu mwanzo. Mpira wao uliokuwa unakwenda mbio kwao, huku ulisinzia katikati ya kikuyo, na wachezaji wao wakawa wanaupita na kurudi kuutafuta. Barreteros walishinda bao moja, bao baya, la kugonga goti. Tangu siku hiyo timu nyingi zimekuja San Onofre zikirudi na lawama ileile, na sisi hatujawahi kuomba radhi.

Kipindi cha pili kilipoanza, Crescencia alimwona Don Tranquilino amesimama njiani kati ya ngazi, paste mkononi, anatazama huku na huku. Ngazi yake ilikuwa imejaa shemeji zake waliotoka mji mkuu, wamejitandaza hadi mwisho, na hakuna aliyefikiria kumpisha.

"We Don Tranquilino!" akamwita. "Utasimama mpaka lini, unatuzibia goli!"

"Nimekosa mahali, mama."

"Mahali papo. Hii ni nyumba ya Escorza." Akasogea, akapangusa jiwe kwa ncha ya shali. "Kaa hapa. Ila huyo golikipa ni mbovu, na kwenye ngazi hii golikipa mbovu anatukanwa. Ndiyo sheria."

Mzee akakaa. Akaivunja paste yake, akampa nusu. Muda mfupi baadaye golikipa akaachia mpira uliokuwa mikononi mwake kabisa, nao wakamtukana wote wawili kwa pamoja, kwa sauti, mpaka watu wa ngazi za chini wakageuka kuwatazama.

Crescencia aliishi sana. Aliona ua wa mbao ukawa wa matofali, akaona taa zikiwekwa, akaona na Don Tranquilino akizikwa, na watoto wa watoto wa Hermila wakivaa jezi ya Barreteros. Kila faena ilipoitishwa alilalamika kama watu wote, kwamba magoti yanauma, kwamba mji huu hauna huruma kwa wazee, kisha akaja. Vijana wakimwambia, "Bibi, pumzika, wewe umesamehewa," aliwafukuza na kisu chake kifupi. Alikuwa akisema hana deni na mtu, isipokuwa shukrani, na hizo hazina haja ya kumalizika. Mpaka leo, watu wa kona ile wakikuta mgeni amesimama, humwambia asogee akae, ni nyumba ya Escorza hapo, lakini ajue mapema kwamba golikipa atatukanwa.